Chombo na Uhuru wa Fundi

Vyombo vya kazi ni vya daraja tatu. Kuna vyombo hafifu ambavyo mtu huvipata bila ya jasho na huviacha bila ya majuto. Kuna vyombo vikuu ambavyo bei yake ni sawa na mali ya mtu mzima, navyo hukaa katika nyumba za wenye fedha nyingi na kazi nyingi. Baina ya daraja hizo mbili ipo ya tatu, daraja ya vyombo vya kati. Na hiyo ndiyo inayowahusu watu wengi wa duniani, kwa sababu watu wengi wa duniani si mafukara wa kazi wala si matajiri wa mali. Kuchagua chombo hafifu ni jambo jepesi, maana hasara yake ni ndogo. Kuchagua chombo kikuu ni jambo jepesi vile vile, maana mwenye kukinunua ana washauri wa kumwongoza na fedha za kufunika makosa yake. Ugumu umo katika vyombo vya kati. Hapo bei huumiza lakini haiui, uwezo huridhisha lakini hautoshi, na tofauti ya kimoja na kingine ni nyembamba hata jicho la mgeni haliioni.

Desturi ya watu ni kuvipima vyombo vya namna hii kwa mambo viwezayo kutenda. Kipimo hicho ni cha haki, lakini si kamili. Kipo kipimo kingine ambacho wanunuzi wengi hawakikumbuki mpaka muda umekwisha kupita, nacho ni masharti ya kuachana. Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Chombo kinachomkaribisha fundi kwa tabasamu huenda kikamzuia asitoke na mali yake siku ya kuagana. Jambo hili linaonekana wazi katika programu za kompyuta zinazotumiwa kuchora bodi za saketi za umeme, na mahali pazuri pa kuliona ni mahali ambapo fundi hana mtu wa kumkimbilia: katika karakana ndogo ya Gungu, mkoani Kigoma.

Gungu ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na Ziwa Tanganyika haliko mbali nayo. Kwa mtu atokaye Dar es Salaam hapo ni mwisho wa njia, maana Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, haikupata nchi nyingine ya kupita mbele yake ila maji. Kwa mtu atokaye Kongo au Burundi hapo ni mwanzo wa njia. Kukaa mwisho wa njia kuna adabu yake. Kitu kinachoharibika hutengenezwa, kisichotengenezeka huvuliwa viungo vyake, na kisichopatikana hubuniwa. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme kutoka katika mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Basi paneli za jua na betri zilikuwa marafiki wa nyumba nyingi kabla hazijawa fahari ya miji mikubwa.

Lakini mteja mkubwa wa fundi wa umeme katika nchi ile si nyumba, bali ni mtumbwi. Uvuvi wa dagaa katika ziwa lile hufanywa usiku kwa nuru. Wavuvi hutoka Kibirizi, Katonga na fukwe nyingine wakati wa giza la mwezi, huwasha taa juu ya maji, na dagaa huja kwenye nuru kama wageni wanaokuja kwenye ngoma. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa hushindwa na nuru ya mbingu, na wavuvi hupumzika. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Miaka ya karibuni karabai zimepokewa na taa za LED zinazotumia betri, nazo hupunguza gharama ya mafuta. Ila zimeleta ugonjwa ambao karabai haikuujua. Betri ya risasi ya volti 12 ikichajiwa kupita kiasi huchemka na kukauka; ikinyonywa mpaka chini ya volti 11 au karibu na hapo, maisha yake hupungua. Pasipo mlinzi wa kusimama baina ya paneli, betri na taa, mvuvi hununua betri mpya kabla hajalipa deni la betri ya kwanza.

Mlinzi huyo ni kidhibiti chaji, na moyo wa kidhibiti chaji ni bodi ya saketi. Vidhibiti vya kiwandani vinauzwa madukani, navyo si vibaya kwa nyumba. Bali vingi havikuumbwa kwa unyevu, mtikisiko, na mikono yenye baridi inayobadili waya wa chanya na wa hasi gizani. Ndiyo sababu fundi wa Gungu huunda cha kwake. Si kwamba anapenda ubishi na viwanda. Anajua tu kwamba mtumbwi ukizimikiwa na taa katikati ya usiku, watu kadhaa hurudi nyumbani mikono mitupu, na jina linalotajwa ufukweni asubuhi si jina la kiwanda bali ni jina la fundi.

Bodi ya saketi ni kipande cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, ambacho juu yake zimepita njia za shaba badala ya waya. Wazo lake lilikuzwa na Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Uingereza mwaka 1936 akiwaogopa Wanazi. Na katika Vita Vikuu vya Pili njia hiyo ilitumiwa katika fyuzi za mizinga kabla haijaingia katika redio za raia. Kabla ya kompyuta mtu aliichora bodi kwa mkono, au alibandika utepe mweusi juu ya karatasi angavu na kuipiga picha. Sasa kazi hiyo hufanywa kwa programu, na programu zote za kazi hiyo hufuata hatua zile zile. Kwanza huchorwa mchoro wa saketi, unaoonyesha nani ameungana na nani. Pili, kila kifaa hupewa unyayo wake, yaani umbo la mahali kitakapokaa na nafasi ya kila mguu wake. Tatu, nyayo hupangwa na njia za shaba hupitishwa baina yao. Nne, programu hutoa mafaili ya Gerber, ambayo kila kiwanda cha bodi huyasoma. Jina la mafaili hayo ni la Joseph Gerber, naye pia alizaliwa Vienna, akawakimbia Wanazi kwenda Marekani. Hivyo watu wawili waliofukuzwa katika mji mmoja waliwaachia mafundi wa dunia, mmoja njia ya kuunda bodi, na mwingine lugha ya kuielezea.

Kupitisha njia za shaba si kazi ya uchoraji mtupu. Njia yenye unene wa maikromita 35, ambao ndio unene wa kawaida wa bodi nyingi, ikipitishwa umeme wa ampea 5 huhitaji upana wa karibu milimita 2.7 ili joto lake lisipande zaidi ya digrii 10 juu ya joto la hewa. Mchoraji anayesahau hesabu hiyo hupata bodi nzuri kwa macho na mbaya kwa pua, maana siku moja itanuka. Kidhibiti chaji cha taa za mtumbwi kina njia pana za namna hiyo. Kwa hiyo hakikubali kubanwa katika bodi ndogo. Neno hili dogo la upana ndilo lililoanzisha safari ya karakana inayosimuliwa hapa.

Mwenye karakana ni mtu wa makamo aliyejifunza umeme kwa kuzifungua redio za watu na kuzifunga tena. Msaidizi wake ni mpwa wake, kijana aliyesomea umeme chuoni na kurudi nyumbani na kompyuta moja iliyochakaa. Mjomba anajua kwa nini bodi hufa. Mpwa anajua namna ya kuichora. Kwa miaka kadhaa walitumia programu ya Eagle. Programu hiyo ilizaliwa Ujerumani mwaka 1988 katika kampuni ya CadSoft, na ilipendwa na wanafunzi na mafundi wadogo wa dunia nzima, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ilikuwa na leseni ya bure. Leseni hiyo ilikuwa na mipaka: bodi ya tabaka mbili tu, na eneo lisilozidi sentimita 80 za mraba. Mwaka 2016 programu ilinunuliwa na Autodesk ya Marekani, na tangu mwaka 2017 leseni zake hazikuuzwa tena moja kwa moja bali zililipiwa ada ya muda. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba Eagle itakoma tarehe 7 Juni 2026, na kwamba kazi yake itahamia katika Fusion, programu kubwa ya kampuni ile ile.

Hapana haki ya kumlaumu mwenye mali kwa kuifunga mali yake, hasa akiwa ametoa taarifa miaka mitatu kabla. Lakini katika karakana ya Gungu taarifa hiyo ilikuwa na uzito wa aina yake. Kompyuta ilikuwa na michoro zaidi ya thelathini: vidhibiti vya taa mbili, vya taa nne, vya nyumba, na kifaa cha kupimia betri. Michoro hiyo ilikuwa ndiyo elimu ya mjomba iliyohamishwa kutoka mikononi mwake na kuwekwa mahali pa kuonekana. Aidha kidhibiti kipya cha taa sita kilihitaji bodi ya sentimita 12 kwa 9, yaani sentimita 108 za mraba, na kwa leseni ya bure hakikuwezekana. Wakawa na mambo mawili ya kukimbia: nyumba iliyokuwa ndogo, na nyumba iliyotangaziwa kubomolewa.

Nafasi ya kutafakari ilikuja kwa njia isiyotazamiwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate muda wa kuzaana. Mitumbwi ikapandishwa nchi kavu na taa zikatundikwa. Fundi asiye na taa za kutengeneza ana njaa, lakini pia ana wakati. Mjomba na mpwa wakautumia wakati huo kuzipima programu kwa kuchora kidhibiti kimoja cha taa sita katika kila moja.

Proteus ilijaribiwa kwanza. Ni kazi ya Labcenter Electronics ya Uingereza, nayo ni ya zamani sawa na Eagle. Fadhila yake kubwa ni kwamba kifaa chenye akili, yaani maikrokontrola, chaweza kujaribiwa pamoja na maagizo yake na saketi yake yote juu ya kioo cha kompyuta, kabla ya tone moja la risasi ya kulehemu kuyeyushwa. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema kubwa: hujifunza kwa kuunguza vitu visivyonunuliwa. Leseni yake hununuliwa mara moja, na bei hupanda kwa ngazi; kipimo cha ngazi ni idadi ya pini zinazoruhusiwa katika bodi, kama vile pini 500, 1,000 au 2,000. Mchukuaji wa ngazi ya chini hapunjwi, maana bodi ya taa sita haikuzidi pini 200. Lakini bei hata ya ngazi ya chini ilizidi faida ya msimu mzima wa karakana.

Hapo mpwa alikumbuka nakala aliyopewa na rafiki.

"Mjomba," alisema, "ipo Proteus kamili mfukoni mwangu, katika flashi. Imefunguliwa kufuli. Hatutalipa hata senti."

Mjomba aliinua macho kutoka katika redio iliyokuwa mbele yake. "Mpwa wangu, aliyeifungua kufuli ni nani?"

"Simjui."

"Alipofungua, aliingiza kitu gani?"

"Hilo nalo silijui, mjomba."

"Basi unataka michoro yangu ilale katika nyumba ambayo ufunguo wake anao mtu tusiyemjua. Mimi nikiuza taa iliyoibwa, wavuvi wataniitaje?"

Kijana alikaa kimya, kisha akairudisha flashi mfukoni. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ya kuiba haisitiri hata uso. Wala si suala la maadili peke yake. Nakala za namna hiyo mara nyingi hubeba virusi, hazipati masahihisho, na fundi anayezitumia hawezi kuuza kazi yake kwa mteja mkubwa pasipo kuogopa swali la kwanza atakaloulizwa.

DipTrace ilifuata. Ni programu ya kampuni ya Novarm, yenye asili yake Dnipro huko Ukraine, nayo ilitoka mwaka 2004. Katika zote zilizopimwa ndiyo iliyofundishika upesi kuliko nyingine. Orodha zake hazijifichi, vitufe vyake vina maana ile ile kila mahali, na mjomba, ambaye hakupata kuchora kwa kompyuta, aliweza kupitisha njia ya shaba mchana wa siku ya kwanza. Nayo pia hupanda kwa ngazi za pini na za tabaka. Ngazi ya bure huishia pini 300 na tabaka mbili. Bodi ya taa sita ilienea ndani yake. Lakini mjomba aliuliza swali ambalo mpwa hakulitazamia: "Na mtu akitaka taa sita pamoja na simu, redio na pampu ya maji?" Jibu lake ni hesabu. Mipaka ya pini ni kama mkanda wa mtoto. Leo unamtosha, na kila anapokua hana budi kulipa. Kwa mwenye kazi isiyokua, DipTrace ni chaguo la busara. Kwa mwenye matumaini, ni lazima atie akiba ya fedha pamoja na matumaini yake.

Ya tatu ilikuwa EasyEDA, iliyotoka Shenzhen, China. Yenyewe hufunguliwa katika kivinjari cha intaneti, ijapokuwa ipo namna ya kuiweka katika kompyuta. Nguvu yake ni ujamaa wake: imeungana na ghala la vifaa na kiwanda cha bodi, hata mchoraji akichagua transista huona hapo hapo kama ipo ghalani, bei yake, na unyayo wake uliokwisha kuchorwa. Kazi ya siku mbili huwa ya saa tatu. Fundi wa Gungu hununua bodi zake huko huko China, kwa kuwa bodi tano zenye upande usiozidi sentimita 10 huuzwa kwa bei ndogo, mara nyingi ndogo kuliko nauli ya kuzileta. Basi kishawishi kilikuwa kikubwa. Lakini urafiki huo una pande mbili. Michoro hukaa aghalabu katika hifadhi ya mwenye programu, intaneti ikikatika kazi husimama, na mchoraji huzoea kuchagua vilivyomo katika ghala moja kama kwamba dunia haina maghala mengine. Zaidi ya hayo, bei ya bure katika duka hulipwa na kitu kingine katika duka hilo hilo. Si dhambi, ni biashara. Ila ni vema mnunuzi ajue anachonunua anapodhani amepewa.

Ya nne ilikuwa KiCad. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo cha ufundi cha Grenoble, Ufaransa. Haina ngazi za bei, kwa sababu haina bei. Haina mpaka wa pini wala wa eneo, na hukubali tabaka za shaba mpaka 32. Leseni yake humpa mtu yeyote haki ya kuitumia, kuinakili, kuichungulia ndani na kuibadili. Kwa muda mrefu ilidharauliwa, na dharau hiyo haikuwa ya uongo mtupu: matoleo yake ya zamani yalikuwa na ugumu usio na maana. Mwaka 2013 maabara ya CERN, iliyoko karibu na Geneva, ilianza kuiongezea wahandisi. Na toleo la 5, la mwaka 2018, likaja na mlango ambao Gungu waliuhitaji kuliko kitu kingine chochote: uwezo wa kuyafungua mafaili ya Eagle.

Aibu zake hazifichwi hapa. Ni nzito, faili la kuiwekea Windows pekee linazidi gigabaiti 1, na kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi hiyo ni gharama ya chakula. Faili lililohifadhiwa na toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani, hata watu wawili wa karakana mbili hulazimika kukubaliana kabla ya kubadilishana kazi. Mwanafunzi wake hutumia juma zima kujifunza jambo ambalo katika DipTrace ni la siku mbili. Katika kujaribu maikrokontrola pamoja na maagizo yake haiifikii Proteus, na katika kumpatia mtu kifaa kilichomo ghalani haiifikii EasyEDA. Anayesema kwamba kitu cha bure hakina gharama hakupata kukitumia kitu cha bure; gharama yake hulipwa kwa saa badala ya shilingi. Naam, watu wa Gungu katika miezi ile mitatu walikuwa na saa nyingi na shilingi chache.

Mizani ilipowekwa, programu nne zilikuwa karibu sawa katika kazi yenyewe. Bodi ile ile ilichorwa katika zote, na mafaili ya Gerber yaliyotoka yangetoa bodi zisizotofautika. Kiwanda hakiulizi kalamu ya mwandishi. Kwa hiyo swali la uwezo halikutoa hukumu, na lile la masharti ya kuachana likabaki peke yake. Mwenye programu akifa, akiuza, au akibadili nia, mimi nitabaki na nini? Eagle ilijibu kwa namna isiyo mbaya: tangu toleo lake la 6 mafaili yake yaliandikwa kwa maandishi yanayosomeka, na hiyo ndiyo sababu wengine waliweza kujenga mlango wa kuyatolea. KiCad ilijibu vizuri zaidi: mafaili yake ni maandishi, na programu yenyewe ni mali isiyoweza kurudishwa kwa mwenyewe, kwa kuwa nakala iliyokwisha kutolewa haidaiwi. Waanzilishi wake wote wakiondoka kesho, nakala iliyoko Gungu itaendelea kuchora.

Kigoma ina somo la zamani juu ya jambo hili, nalo linaelea majini. Katika lugha ya Kiswahili chombo ni zana, na chombo pia ni merikebu. Huenda lugha ilijua isemacho. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, na huko ikaungwa tena na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani, walipolazimika kuuacha mji, waliizamisha wenyewe. Lakini wahandisi walioamriwa kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ikiwa bado ina uhai, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wahandisi wale hawakujua nani atakuja kuifufua, wala hawakuwa na sababu ya kumpenda. Walijua tu kwamba kazi ya fundi hailazimiki kufa siku mwenyewe anapoondoka. Grisi yao ndiyo yale maandishi yanayosomeka katika faili.

Basi karakana ikahamia KiCad. Kuhama hakukuwa kwa muujiza. Mafaili thelathini na zaidi yalifunguka, lakini kufunguka si kupona. Maeneo mapana ya shaba yalihitaji kujazwa upya na kukaguliwa, upana wa kila njia ya ampea 5 ulipimwa tena, na kanuni za ukaguzi ziliandikwa kwa ajili ya programu mpya. Mjomba aliongeza kanuni yake isiyomo katika programu yoyote. Aliamuru kila bodi ichapwe kwanza katika karatasi kwa ukubwa wake halisi, kisha vifaa vilivyonunuliwa katika soko la Mwanga viwekwe juu ya karatasi hiyo, mguu kwa mguu. Kwa njia hiyo waligundua kwamba transista moja ya maktaba ilikuwa na mpango wa miguu usiolingana na ile iliyokuwa mkononi. Kosa hilo, lau lingefika kiwandani, lingeleta bodi za kutupwa. Hakuna programu, ya bei au ya bure, inayojua kilichomo katika kikapu cha muuza vifaa wa Kigoma; fundi hana budi kujua mwenyewe.

Kisha mpwa akafanya jambo lililomfurahisha mjomba kuliko mchoro wowote. Kila bodi aliipa folda moja, na katika folda hiyo aliweka mchoro, mafaili ya Gerber, orodha ya vifaa, na nakala ya programu iliyouchora. Folda zote zikanakiliwa katika diski mbili, moja ikakaa karakanani na nyingine nyumbani; na michoro ikachapwa katika karatasi na kufungwa katika jalada. Mali bila daftari huisha bila habari.

"Hata umeme ukikatika mwaka mzima, mjomba," alisema, "karatasi itasomeka."

"Na mimi nikikatika?" mjomba aliuliza akitabasamu.

"Mungu akuweke, mjomba. Lakini karatasi itasomeka."

Ziwa lilipofunguliwa katikati ya Agosti, vidhibiti vya taa sita vilikuwa bado ni vichache, na wavuvi waliovichukua hawakuuliza vilichorwa kwa programu gani. Waliuliza kama taa itazimika. Hilo ndilo swali la haki, na mteja ana haki ya kuishia hapo. Fundi hana haki hiyo. Yeye anapaswa kuuliza pia kama taa itakayozimika baada ya miaka kumi itapata mtu wa kuitengeneza, na kama mtu huyo atapata mchoro wa kumwongoza.

Yako mambo mawili yanayoweza kusemwa dhidi ya hukumu ya karakana ile, nayo yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba kazi ya kulipwa huhitaji msaada wa kulipwa. Mwenye programu ya kununuliwa ana mtu wa kumwandikia barua akikwama, na mwenye ya bure hutegemea hisani. La pili ni kwamba kampuni zinazouza programu za kati nazo zina watoto wa kulisha, na dunia ambayo hakuna anayelipa haitadumu kupata vyombo vizuri. Yote mawili ni kweli. Mwenye kipato cha kulipa na alipe, na mwenye kazi inayoitaka Proteus asijinyime Proteus. Yaliyosemwa hapa hayamkatazi mtu kununua. Yanamkumbusha asome ukurasa wa mwisho wa mapatano kabla ya ule wa kwanza. Programu ya bei inayomruhusu mtu kutoka na kazi yake yote ni bora kuliko ya bure inayomfungia ndani.

Uhuru wa fundi si kukosa chombo cha mtu mwingine mkononi. Hakuna fundi wa namna hiyo tangu mhunzi wa kwanza alipoazima mvukuto. Uhuru wake ni kwamba chombo kikiondoka, ujuzi na kazi yake havifuatani nacho. Vyombo vya kati vitazidi kuja na kupita, kila kimoja na sifa zake, na vijana wa Gungu, wa Ujiji na wa kwingineko watapewa kuvichagua pengine kila mwaka. Wavipime kwa bei, kwa wepesi na kwa nguvu, maana vipimo hivyo ni vya lazima. Kisha, kabla hawajaweka ndani yake mstari wa kwanza, wauangalie mlango wa kutokea, wausukume kwa mkono, na wahakikishe kwamba unafunguka kutoka ndani.